Kosa la Kumsubiri Aliyekwishafika

Nipeni masikio, shingo bakini nazo. Haya ninayosimulia hayakutokea kwetu, na mtu akiona yanafanana na ya kwetu, basi macho yake ndiyo yenye kasoro, aende akapimwe. Yalitokea katika nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ni nchi ya amani na utulivu, na wakati huo ilikuwa na viwanja viwili tu vya ndege: kimoja Makuu, mji wa serikali, na kingine Luhombelo, alikozaliwa Mtukufu Mlezi.

Luhombelo haikuwa na barabara ya lami wala soko la maana. Lakini uwanja wake! Njia ya kurukia ilikuwa ndefu kuliko mji wenyewe, na jengo la abiria lilikuwa na sakafu ya marumaru, ambayo mbuzi wa jirani waliipenda mno siku za joto. Ndani ya jengo hilo, juu ya ngazi, kulikuwa na kibanda cha vioo. Humo ndimo alimokaa Bi. Theopista, mtangazaji.

Kazi ya Theopista ilikuwa kusema maneno machache tu: "Mabibi na mabwana, ndege kutoka Makuu imewasili salama." Alijaliwa sauti, jamani, si mchezo. Ilikuwa laini, ya kutuliza, kama mtu anayekufunika shuka. Siku moja alipopata mafua akawekwa mtu mwingine, na Mtukufu mwenyewe akapiga simu kutoka Ikulu kusema kwamba hivyo sivyo ndege zinavyowasili kwao. Tangu hapo ikaingizwa katika taratibu za itifaki kuwa uwanjani Luhombelo haipigwi ngoma wala hapewi mtu mkono kabla ya sauti ya Theopista kusikika.

Basi nchi nzima ikaijua sauti, ila uso hakuna aliyeujua. Akiuliza bei ya dagaa sokoni, watu walikuwa wanainua vichwa kutafuta spika. Aliishi peke yake katika nyumba ya shirika, nyuma ya matangi ya maji, na alikuwa amevuka arobaini bila mtu wa kumwambia, "Leo umechelewa kurudi."

*

Sasa sikieni jinsi umbali ulivyofutwa.

Mtukufu alimwalika balozi wa nchi fulani kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, hukohuko Luhombelo. Balozi akashuka kwenye ndege, akanyoosha mgongo, akamnong'oneza mkewe: "Loo! Kumbe ni mbali hivi!" Mtukufu akasikia. Siku ile hakugusa pilau. Mbali? Kwao mbali? Mbali kutoka wapi, na kwa nani?

Wiki haikuisha, Waziri wa Umbali na Muda, Daktari Fumbwe, ambaye wizara yake ilikuwa imezaliwa asubuhi hiyohiyo, akasimama bungeni akakohoa.

"Mheshimiwa Spika, tunaambiwa kutoka Makuu hadi Luhombelo ni kilomita elfu moja na ushee. Nauliza, nani alipima? Mkoloni! Alipima kwa kamba ya nani? Ya kwake! Leo sisi, taifa huru, taifa lenye bendera, tutaendelea mpaka lini kuchoka kwa kipimo cha mtu mwingine? Serikali imepima upya, kwa uzalendo. Ni kilomita mia mbili. Na ndege itatumia nusu saa."

Wabunge wakagonga meza mpaka glasi za maji zikahama. Mmoja tu, wa upande wa nyuma, akauliza kama ndege nazo zimearifiwa. Akajibiwa kwamba ndege ni mali ya umma, na zitatii kama zinavyotii mali nyingine zote za umma, wabunge wakiwamo. Sheria ikapita.

Lakini ndege, kwa bahati mbaya, hazisomi Gazeti la Serikali. Zikaendelea kutumia saa mbili na kitu, vilevile kama zamani, bila haya.

*

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa matamu. Watu wa nchi ile wana desturi ya kupokeana. Mtu akisafiri, hata kama alikwenda kung'oa jino tu, siku ya kurudi ukoo mzima unajaa uwanjani: mashangazi na vigelegele, wajomba na suti zao, watoto waliopakwa mafuta hadi wanang'aa. Anayetoka mlangoni asikute mtu huonekana hana kwao. Hiyo ni aibu ambayo hata adui yako humwombei.

Na kwa kuwa ndege kisheria ilifika baada ya nusu saa, mapokezi nayo yalibidi yawe baada ya nusu saa. Wakati huo ndege yenyewe bado iko juu ya misitu, abiria ndiyo kwanza wanagawiwa karanga. Serikali haikushindwa. Iliwateua watumishi wachache wa wilaya kuwa Abiria wa Niaba. Theopista akishatangaza, hao ndio waliotokea mlangoni na masanduku matupu. Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Ngwegwe, aliwavisha mashada, ngoma zikapigwa, na kila ukoo ukamkumbatia wa kwake.

Bwana Misitu wa wilaya, pande la mtu lenye kunuka tumbaku, ndiye aliyekuwa niaba ya mabinti wote. Ungemwona mama wa watu amemng'ang'ania shingoni, analia, "Mwanangu umekonda!" na Bwana Misitu anampigapiga mgongoni akisema, "Masomo mama, masomo." Halafu chai, sambusa, hotuba, na kila mtu kwao.

Mwanzoni wapo waliobaki baada ya chai, wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Wizara ikalitambua hilo. Anayesubiri, ilisema, anadai ndege haijafika. Anayedai haijafika anadai Luhombelo ni mbali. Na anayedai Luhombelo ni mbali, Mungu amsaidie. Mabenchi yakang'olewa. Ukutani pakabandikwa tangazo kwa herufi nyekundu: NI MARUFUKU KUMSUBIRI ALIYEKWISHAFIKA. Akaletwa pia askari wa kulisimamia, Koplo Hamduni.

"Ndugu, unafanya nini hapa?"

"Napunga upepo, afande."

"Upepo gani huo unatazamwa angani? Nyumbani!"

Kwa hiyo ndege ilipotua kweli, jengo lilikuwa tupu. Theopista pekee ndiye aliyeona, kutoka kule juu kwenye kioo. Abiria wa kwanza hutokea akiwa na tabasamu alilolibeba tangu Makuu. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Tabasamu linabaki pale usoni kidogo, halina pa kwenda, halafu linaondoka. Koplo Hamduni anawaambia, "Karibuni, karibuni, mlishapokewa, piteni." Nao wanabeba mizigo yao kichwani kwenda makwao, ambako wanakuta sufuria zimeshaoshwa na pilau imeliwa kwa jina lao.

Theopista alikuwa akiwatazama hivyo kila siku, na kila siku ilimuuma. Alitaka ashuke amshike hata mmoja mkono. Lakini mtangazaji hana ruhusa ya kupokea mtu aliyekwishamtangaza. Alibaki kwenye kioo chake akivunja karanga.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyezungumza naye: Danstani, mtangazaji wa upande wa Makuu. Walikuwa wakipigiana simu ya upepo. Miaka mitano maneno yao yalikuwa haya:

"Luhombelo, Makuu hapa. Imeondoka."

"Makuu, Luhombelo. Imepokelewa."

Halafu siku moja, baada ya nusu saa ya serikali kwisha na kabla ndege haijaonekana, simu ikakoroma. Ni Danstani. Akauliza, "Samahani Bi. Theopista, huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha. Kwani vipi?"

"Hapana, nauliza tu. Huku jua."

Hakuna aliyezima simu.

Tangu hapo wakawa wanazungumza kila siku katika muda ule. Na tazameni busara ya sheria: kwa kuwa muda ule haukuwepo, hakuna aliyeweza kuwauliza wanaufanyia nini. Danstani alikuwa mjane, hana mtoto. Birika lake la chai lilikuwa linapiga mluzi, na Theopista akausikia hadi akaujua. Danstani naye alijua kwamba Theopista amekasirika kwa namna anavyovunja karanga. Alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani vibaya sana, na akiambiwa anaimba vibaya anaongeza sauti.

"Bi. Theo."

"Nipo."

"Nikija huko, utanipokea?"

Theopista akacheka. "Atakupokea nani mwingine? Tena Mkuu wa Mkoa atakuvisha shada."

"Sisemi hayo. Sitaki mapokezi ya Bwana Misitu mimi. Nauliza wewe. Nitoke mlangoni nikukute umesimama. Uso sijawahi kuuona, Theo, lakini nitakujua."

Hapo kicheko kikamkauka. Alijua anaombwa atende kosa. Akavunja karanga moja, akaiweka mezani bila kuila.

"Njoo," akasema. "Nitasimama."

Akapanga kila kitu. Chumba cha mafagio kilikuwa kando ya mlango wa abiria. Angetangaza, angeshuka ngazi, angejifungia humo mpaka Koplo Hamduni amalize kufukuza watu, kisha angetoka wakati ndege inatua. Alishona gauni la rangi ya zambarau. Alinunua kitanda kipana, na waliokibeba wakamuuliza, "Dada, unapata mgeni?" Akajibu, "Ndiyo, napata mgeni," akaona raha hata kulitamka.

*

Sasa yupo mtu wa kulaumiwa katika hadithi hii, naye si mwizi, ni mwaminifu. Wizara ilipata Katibu Mkuu mpya, mtu safi, asiyekula rushwa hata ya soda. Akagundua kwamba ndege ya nusu saa inajazwa mafuta ya saa mbili na zaidi. "Huu ni ubadhirifu!" akasema, akatokwa na machozi ya kweli. Siku hiyohiyo akaagiza kila ndege ipimiwe mafuta ya umbali halali.

Mimi na ninyi tunaijua siku hiyo ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku ya safari ya Danstani.

"Theo," akasema simuni, na nyuma yake kulikuwa na watu wanabishana. "Wametupimia mafuta kwa kipimo cha sheria. Rubani amekataa kurusha. Ameulizwa kama anataka kusema kwao Mtukufu ni mbali. Sasa amekubali."

"Usipande."

"Anasema ana akiba kidogo iliyobaki ya jana. Anasema atapita juu sana, upepo utatusukuma."

"Danstani, usipande. Njoo siku nyingine."

"Nikikataa kupanda mimi, mtumishi wa shirika, itakuwaje? Nitakamatwa palepale kwenye ngazi, na hapo sitakuja kabisa." Akasita. "Halafu nimeshanyoa ndevu, Theo. Nimevaa na tai."

Theopista hakujua alie au acheke. Danstani akavuta pumzi, akaisema kwa sauti yake ya kazi, ila taratibu: "Luhombelo, Makuu hapa. Ninaondoka."

Alitakiwa ajibu, "Imepokelewa." Haikutoka. "Njoo," akasema. "Njoo tu."

Nusu saa ya serikali ikapita. Huko chini Mheshimiwa Ngwegwe alikuwa ameshika shada, wapiga ngoma wameinua fimbo, shangazi wameshajaza mate ya vigelegele. Wote wakatazama juu kwenye kioo. Kidole cha Theopista kilikuwa kwenye kitufe. Akawaza: nikinyamaza, wataniuliza kwa nini. Nikisema mafuta hayatoshi, wataniuliza nani kanambia. Nikipiga kelele watafanya nini, wakati kwao ndege inatakiwa iwe imeshatua? Aliogopa, na mdomo wake ulikuwa umezoea. Akabonyeza.

"Mabibi na mabwana, ndege kutoka Makuu imewasili salama."

Ngoma zikalia. Muda kidogo mlango wa kibanda ukagongwa. Alikuwa Bwana Misitu, jasho linamtoka, ana sanduku tupu mkononi na tai shingoni. Alikuwa ameelezwa kwamba leo mtangazaji naye ana mgeni. Akafungua mikono yake yote miwili.

"Bi. Theopista," akasema kwa heshima zote, "nimefika."

*

Theopista alikaa katika chumba cha mafagio na gauni lake la zambarau, akitega sikio. Saa mbili zikapita. Jua likaanza kushuka na mbuzi wakaja kwenye marumaru. Hakuna mlio uliotoka angani. Koplo Hamduni alipofungua chumba kuchukua fagio, akamkuta ameketi juu ya ndoo. Hakumfokea. Alisema tu, "Dada Theo, funga mlango, nitasema sijakuona."

Asubuhi akaenda kwa Mkuu wa Mkoa. Mheshimiwa Ngwegwe alikuwa anakunywa uji.

"Mheshimiwa, ndege ya jana haionekani. Itafutwe. Huenda imeanguka misituni, huenda wapo wazima."

Mkuu wa Mkoa akaweka kijiko chini. Akamtazama kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa cheo.

"Bi. Theopista, tutafuteje ndege iliyofika? Mimi mwenyewe niliwapa mikono. Nikituma watu msituni, nitaandika wanatafuta nini?"

"Haijafika!" Theopista akapiga kelele, na sauti ile ya shuka ikapasuka. "Haijafika, Mheshimiwa! Mnajua haijafika! Mimi namsubiri mtu!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Mchana akawa mahakamani.

Kesi haikuwa ndefu. Hakimu, mtu wa miwani na adabu nyingi, akamuuliza anamsubiri nani. Akasema Danstani. Hakimu akaagiza ushahidi. Wakaleta kinasa sauti, wakakiweka juu ya meza, na mahakama nzima ikasikia: "Ndege kutoka Makuu imewasili salama."

"Sauti hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Basi mshtakiwa, kati yako na wewe, mahakama imwamini nani?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye aliitazama ile mashine. Ilikuwa sauti nzuri kweli, isiyo na wasiwasi hata chembe, na ndiyo iliyokuwa imemfungia Danstani njia.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Kwa kuwa Danstani amefika, hakimu alisema, mahakama inamwamuru mshtakiwa aende nyumbani akakae naye kwa amani na upendo.

*

Nao wakakaa. Mtendaji wa kata alikuja kumwandikisha Danstani kuwa mkazi, akauliza kimo chake, na Theopista hakujua. Majirani wakaleta kanga, wakaleta sukari. Kila Jumamosi mtendaji alipita na filimbi yake: "Mama Danstani, mwambie mumeo kesho kuna msaragambo wa kuzibua mitaro!" Keshoye Theopista akachukua jembe akazibua sehemu yake na ya mume.

Barabarani waliulizana hali. "Shemeji hajambo?" "Hajambo." Wengi walikuwa na mtu wao katika ndege ile, na wote walikuwa wameshawapokea. Mama Nsia, wa nyumba ya pili, aliyekuwa na binti humo, alimvuta kando siku moja kisimani.

"Wako anakula?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana."

"Wangu naye hali," akasema Mama Nsia, akajitwisha ndoo yake akaenda.

Jioni Theopista alipakua sahani mbili kwa sababu ndivyo ilivyoamriwa. Kwenye kitanda kile kipana alilala pembeni, ukutani kabisa, akaacha nafasi. Kuna upweke wa mtu asiye na mtu, huo aliuzoea tangu zamani. Huu wa kuwa na mtu ambaye hayupo ulimzidi. Hakuweza hata kuvaa nguo nyeusi. Ungewezaje kumlilia mtu aliyefika salama?

Mwezi wa pili akarudishwa kazini, kwa kuwa Mtukufu alikuwa anakuja karibuni na itifaki ni itifaki. Kwenye simu ya upepo sasa kulikuwa na sauti nyingine, ya mwanamke, kavu. "Luhombelo, Makuu hapa. Imeondoka." Nyuma yake hakukuwa na mluzi wa birika. Tangu siku ile, ambayo haikutokea, marubani walikuwa wakipanda na madumu ya maziwa. Maziwa hayo yalinuka kama taa ya chemli, lakini Katibu Mkuu, mwaminifu yule, hakuwa na sababu ya kuwashuku wanywaji wa maziwa.

"Makuu, Luhombelo," Theopista akajibu. Akaishia hapo.

*

Nusu saa ya serikali ikafika. Mheshimiwa Ngwegwe yuko tayari na shada. Kamanda wa polisi kando yake. Ngoma, shangazi, wajomba, suti. Nyuma ya mlango, Bwana Misitu na wenzake wamesimama na masanduku matupu. Wote wakainua macho kwenye kioo.

Theopista hakubonyeza kitufe.

Mkuu wa Mkoa akatabasamu, akadhani ni hitilafu. Akabadilisha shada mkono. Watu wakaanza kutazamana. Kuanza bila sauti ile haiwezekani, itifaki imekataza. Kuondoka bila kupokea haiwezekani pia, ni dharau. Mkuu wa Mkoa akamtuma Koplo Hamduni juu.

"Dada Theo," akasema Koplo, akihema kwa ngazi, "wote wanakusubiri."

"Wanafanya nini?"

"Wanasu..." Koplo akajiziba mdomo.

"Basi wakamate, afande. Tangazo liko ukutani."

Koplo Hamduni akachungulia chini kwenye kioo. Akamwona Mkuu wa Mkoa. Akamwona kamanda wake. Akamwona shangazi mmoja ameshachoka, anaketi sakafuni na kunyoosha miguu. Akavua kofia, akajikuna, akashuka ngazi polepole na kusema kifaa kimegoma.

Basi wakasubiri. Nchi ile ilikuwa imesahau namna ya kusubiri. Mwanzoni walikuwa wanaona aibu, wakijifanya wanafunga kamba za viatu, Mkuu wa Mkoa akiwa wa kwanza. Halafu mmoja akakaa, na wa pili, na kamanda akakunja suruali akakaa. Mtoto akalala juu ya ngoma. Mjomba mmoja akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Binti yangu anapenda dirishani." Na mwingine akajibu, "Wangu anaogopa kupaa, atakuwa ameshika kiti." Wakaanza kuwasimulia watu wao, walioko angani bado, na macho yao yalikuwa juu, na Koplo hakumuuliza yeyote anapunga upepo gani.

Mlio ukasikika. Wote wakasimama. Ndege ikatua, ikakimbia hadi mwisho wa njia, ikageuka. Mlango ukafunguka, na Bwana Misitu akasukumwa kando na watu wenye masanduku mazito.

Wa kwanza kutoka alikuwa msichana mwembamba, ana begi la mgongoni. Alikuwa hana tabasamu, maana wasafiri wa nchi ile waliacha kulibeba siku nyingi. Alitazama sakafu, akapiga hatua. Kisha akasikia jina lake. Akainua uso akamwona baba yake.

Sitawaeleza kelele zilizokuwa pale, mtadhani natia chumvi. Shangazi walipiga vigelegele wakavikatiza kwa kilio. Mkuu wa Mkoa akajikuta amemvisha shada muuza mitumba asiyemjua, naye akamkumbatia, na wote wawili wakaona vigumu kuachiana. Bwana Misitu alisimama ukutani na sanduku lake, hakuna aliyemkumbatia.

Theopista alikuwa kwenye kioo amevaa gauni la zambarau. Alimtazama kila aliyetoka. Kila mwanamume mwenye tai alimfanya asogeze uso kwenye kioo, mpaka kikaingia ukungu, akakifuta kwa kiganja. Uso wa Danstani hakuwahi kuuona, kwa hiyo ilibidi amtafute katika nyuso zote. Wa mwisho akatoka, akakuta watu wake, akaondoka nao. Mlango ukafungwa.

Jengo likabaki kimya. Theopista akashuka ngazi, akaenda akasimama mbele ya mlango wa abiria, pale alipoahidi.

Mheshimiwa Ngwegwe alipokumbuka cheo chake akiwa tayari garini, alimwamuru Koplo Hamduni arudi akamlete yule mwanamke. Koplo akaja. Mbuzi wawili walikuwa wameshaingia. Akamkuta amesimama wima, mikono ameikunja mbele kama mtu aliye kanisani.

"Dada Theo. Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri."

Koplo Hamduni alilitazama lile tangazo lenye herufi nyekundu. Akatazama mlango, akatazama njia ya kurukia kule nje, nyeupe na tupu hadi mwisho. Alikuwa na pingu kiunoni. Akazichomoa, akakosa mahali pa kuziweka, akazitia mfukoni. Kisha akavua kofia akasimama kando yake.

"Tutasubiri mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Mpaka afike," akasema Theopista.